Mkono wa Kudura

Kabla hajaugua, Kudura alikuwa mtoto wa vidole. Hivyo ndivyo majirani wa mtaa wa Mwigobero, Musoma, walivyomwita. Watoto wa rika lake walikuwa bado wanashika kijiko kwa ngumi, na yeye alikuwa anafunga vifungo vya gauni lake mwenyewe. Alichambua mchele bila kuumwaga. Akikaa barazani karibu na cherehani ya baba yake, alizungusha uzi kwenye kijiti polepole, bila kuukata.

Uzi wenyewe ulikuwa wa nyavu. Miaka ile uzi wa dukani ulikuwa umepotea Musoma, pamoja na sabuni na khaki, na mafundi walishuka ufukweni kuomba vipande vya nyavu zilizochoka, wakazifumua na kushonea nyuzi zake. Twalib, baba yake Kudura, alishonea uzi huo suruali za wavuvi, na sare za shule zilizokatwa kutoka kwenye mapazia. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akimwona binti yake anavuta uzi kwa ncha za vidole alisimamisha miguu juu ya pedali, akamwangalia kidogo, halafu akaendelea na kazi.

Mama yake Kudura aliitwa Robi, binti wa wafugaji wa Butiama. Alipoolewa alipewa jina la Mwanaidi, lakini jina hilo halikumkaa. Mama mkwe wake, Bi Mwanaupe, aliyeishi nao nyumba moja, alimwita Mama Kudura kama watu wengine wote.

Mwaka wa themanini na tatu, mvua za vuli zilipoanza, Kudura alishikwa na homa. Alikuwa na miaka minne. Kwenye zahanati walipata aspirini tu, dawa ya malaria ilikuwa imekwisha na hakuna aliyejua itakuja lini. Mtu mmoja akamwambia Twalib kwamba Bunda kuna mwenye duka ambaye bado ana klorokwini. Twalib alikuwa na suruali ya mteja mikononi. Aliimaliza kwanza, halafu akaenda kutafuta usafiri, akapata lori la pamba. Lori likaishiwa dizeli njiani. Alitembea sehemu iliyobaki, akaipata dawa, akalala kwenye baraza la msikiti wa Bunda kungoja gari la kurudi.

Aliporudi Musoma alikuta nyumba imefungwa. Jirani alimwambia kwamba mtoto alipata degedege asubuhi na mama yake amekimbia naye hospitali.

Kudura hakufa. Kwa siku kadhaa watu waliokuja kumtazama walizungumza kwa sauti ya chini kama watu wa matangani, kisha siku moja alifungua macho akaomba maji. Robi alimwinua, akamsogezea kikombe, na mtoto akakipokea kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka, umejikunja ngumi, dole gumba likiwa ndani. Robi alidhani ni uchovu. Akajaribu kuufungua. Vidole vilikuwa vigumu kama mizizi, na alipoviachia vilirudi vilipokuwa.

Hospitalini palikuwa na bwana mmoja aliyeshughulika na viungo vya wagonjwa, jina lake Nathanieli. Aliukunja na kuunyoosha mkono wa Kudura mara nyingi, taratibu, huku akimwuliza mtoto habari za nyumbani. Mwisho alimgeukia Robi.

“Mkono wenyewe ni mzima, mama. Kilichoumia ni kichwani, pale panapoutuma. Mkono umesahau kila kitu ulichojifunza tangu azaliwe.”

Robi aliuliza kama utakumbuka.

“Siwezi kukudanganya. Lakini mfundishe kama unavyomlea mtoto mchanga. Mchanga anaanza na mkono mzima. Anapiga kitu, anakikumba na kiganja. Baadaye vidole vinajitenga. Ncha za vidole zinakuja mwisho kabisa. Usiukimbilie mwisho. Mpe vitu vikubwa, vya uvuguvugu, vilaini. Mwache auchezeshe mkono huo, na ukichoka upumzike.”

Twalib hakuwepo siku hiyo. Alisimuliwa jioni, na katika yote aliyosimuliwa alishika moja: kwamba mkono umesahau na unaweza kufundishwa.

Akaanza kuufundisha. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, alimweka Kudura mbele yake, akafungua ile ngumi kidole kimoja kimoja, akaweka kijiti cha uzi katikati ya vidole na kumwambia ashike. Kijiti kilianguka. Akaokota, akaweka tena. Hakumpigia kelele hata siku moja, wala hakumchapa. Lakini alikuwa haachi. Mtoto alichoka akalala huku amekaa, naye bado ameushika mkono ule, anaunyoosha. Watu waliokuja kuchukua nguo zao walisubiri. Tangu safari ya Bunda Twalib alikuwa amekonda, na suruali ile aliyoimaliza kwanza hakuwahi kuitaja kwa mtu yeyote, ila mkewe alijua kwamba anaifikiria.

Ndani ya nyumba shida ilikuwa nyingine. Kudura alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Bi Mwanaupe alikuwa mama mpole, mwenye kumpenda mjukuu wake, lakini alilelewa kujua kwamba mkono wa kushoto una kazi yake na sahani si mahali pake. Alivumilia siku za mwanzo kwa sababu ya ugonjwa. Baadaye akaanza kugeuza uso wakati wa chakula. Kudura akimletea kitu, kikombe au tasbihi yake, alimwambia akiweke mkekani. Mtoto akakiweka, bibi akakiokota. Hakuna aliyemwambia Kudura sababu. Aliona mwenyewe kwamba kitu kikitoka mkononi mwake lazima kipite chini kwanza.

Siku moja Robi alikwenda ziwani kufua. Nguo alizisugua kwa majivu, kwa maana sabuni hakuna. Aliporudi alimkuta Kudura amekaa barazani wima kuliko kawaida yake, na nzi anatembea kwenye kona ya jicho lake. Mtoto alikuwa anapepesa. Robi akamwuliza kwa nini hamfukuzi, na hapo ndipo alipoona kwamba mkono wa kushoto umefungwa mwilini kwa ukanda wa kaniki, ndani ya gauni. Sahani ya muhogo ilikuwa mbele yake. Alikuwa amejaribu kula kwa kuinama, na muhogo ulikuwa umemganda kidevuni na puani.

Robi alipiga magoti akafungua fundo. Lilikuwa fundo la fundi, dogo na imara, lilimchukua muda. Alipomaliza aliingia ndani alikokuwa mumewe, akashusha pazia.

“Baba Kudura, umemfunga mkono unaofanya kazi.”

“Na huu mwingine utaamka lini, kama huu upo unafanya yote?”

“Amejikojolea pale nje. Hajaweza kupandisha nguo yake.”

Twalib akasema, kwa sauti ambayo Robi hakuwahi kuisikia, kwamba hawezi kukaa anauangalia mkono ule umefumba kila siku mpaka afe. Robi akamjibu kwamba anayekaa nao ni Kudura.

Walikuwa hawajazoea kugombana, na baada ya maneno hayo hawakujua waendelee vipi. Robi alikuwa mjamzito, tumbo limeshachomoza. Aliomba ruhusa ya kwenda kujifungulia kwao Butiama, na kwenda na mtoto. Twalib alikubali. Alimtafutia gari mwenyewe, akampandisha Kudura, akamwekea begani kitenge cha kujifunika vumbi. Gari lilipoondoka alibaki amesimama barabarani, amepandisha mkono nusu.

Butiama, mama yake Robi alikuwa anajenga jiko jipya. Mama huyo, Bhoke, alikuwa mfupi na mwepesi, na alikuwa hajui kukaa mikono mitupu. Aliwapokea, akalia kidogo kwa ajili ya mjukuu, akafuta machozi, kesho yake akarudi kwenye udongo wake. Fito zilikuwa zimeshafungwa, kilichobaki ni kukandika. Udongo ulikandwa kwa miguu pamoja na samadi, ukamwagiwa maji yaliyokaa juani. Bhoke alichota tonge kubwa la udongo huo, akampa Kudura bila kutazama anapokea kwa mkono gani.

“Piga pale kwenye fito, mjukuu. Hapa kwetu ukuta hauulizagi mkono.”

Kudura alipiga kwa kushoto. Udongo ukashika. Bhoke akampa mwingine. Baada ya muda, mtoto alipochoka mkono mmoja, aliegemea ukutani kwa ule mwingine, na Robi akaona ngumi imezama kwenye udongo laini. Akasogea nyuma yake. Aliweka kiganja chake juu ya ngumi ile, akaikandamiza polepole, wakati huohuo akimwuliza habari ya ndama aliyezaliwa juzi. Uvuguvugu ulikuwa unaingia. Dole gumba likateleza likatoka nje, vidole vikafuata, vizito, mpaka kiganja kikawa kimelala kwenye ukuta. Kudura alikitazama kama kitu cha mtu mwingine.

“Mama, kimefunguka.”

“Nimeona.”

Kilijifunga tena alipokitoa. Lakini kesho yake walikandika upande wa pili, na keshokutwa yake wakaanza kusawazisha, na jiko lilipokwisha Bhoke alisema zizi la mbuzi nalo linahitaji kukandikwa, ingawa Robi hakuona ufa wowote. Robi alikumbuka maneno ya Nathanieli na akayafuata hivyo hivyo, bila haraka. Baada ya udongo yakaja mahindi. Kudura alilaza hindi chini, akalikandamiza kwa kiganja cha kulia na kupukuchua kwa kushoto. Zikaja karanga. Ganda la karanga alilivunja kwa kiganja juu ya jiwe. Ikaja kamba ya katani ya kusokota pajani. Mkono ulikuwa unasukuma, unakandamiza, unazuia. Bega lilipata nguvu na kiwiko kikalegea. Siku moja aliweza kushika mpini wa jembe kwa mikono miwili, na Bhoke akachinja kuku bila kusema ni wa nini.

Robi alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Hamduni, jina la marehemu babu yake wa Musoma. Kudura aliletwa kumwona. Alisimama upande wa kitanda, mkono wake wa kulia umening'inia, na mtoto mchanga akitapatapa akakutana na kidole chake kimoja. Akakikamata. Wachanga wote hukamata hivyo, Robi alijua, lakini Kudura hakujua. Tangu augue, kila aliyeushika mkono huo aliushika kwa kuutazama kwanza, na baada ya kuushika alishusha pumzi. Huyu aliushika tu. Kudura alisimama pale mpaka mdogo wake alipolala, hakutaka kujitoa.

Arobaini ilipopita Twalib alikuja. Alimpakata mwanawe, akamwombea dua, akaketi na wakwe zake. Hali ya mjini ilikuwa mbaya, alisema, unga unapangiwa foleni na dagaa nao wamepanda. Ni yeye mwenyewe aliyeona kwamba Robi na watoto wabaki penye chakula. Alimwita Kudura, akaufungua mkono wake, akaona unavyofunguka rahisi zaidi ya zamani, na uso wake ukajaa tumaini kiasi kwamba Robi alitazama pembeni. Alijua mumewe anachotarajia.

Naye pia alikuwa anakitarajia, ukweli ni huo. Mchana alimfundisha mtoto kwa subira, lakini moyoni alikuwa amekwisha kuuona mkono ule umerudi wote, unavuta uzi barazani kama mwanzo. Kila hatua aliihesabia kama kipande cha njia ya kufika huko.

Hamduni alikua. Miezi ya mwanzo alikuwa anapiga vitu kwa kiganja kama Nathanieli alivyosema. Baadaye akavikumba kwa vidole vyote kama mtu anayekusanya majani. Kudura alikuwa mwalimu wake. Alimwekea magunzi, vifuu, mawe ya bao, naye mwenyewe akavikumba upande wa pili kwa mkono wa kulia, na kwa muda mrefu walikuwa sawa. Walishindana wakacheka. Robi akiwa shambani aliwasikia.

Kisha ikaja siku ya ulezi. Robi alikuwa anapepeta uani, ungo mmoja umejaa, punje kidogo zimemwagika kwenye mkeka. Hamduni alikuwa bado hajasimama. Alitambaa mpaka kwenye punje, akaacha kukumba kama alivyozoea. Alinyoosha kidole cha shahada, akaigusa punje moja. Akaleta dole gumba. Akaiinua, kitu kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, akaitazama mbele ya macho yake, akaitia mdomoni.

Kudura aliona. Akasogeza mkono wake wa kulia mkekani. Ukazikumba punje, ngumi ikajifunga, akaufungua: zote zilikuwa zimepita katikati ya vidole. Akajaribu tena, safari hii akiangalia vidole vya mdogo wake, ambaye alikuwa ameshaokota ya pili na ya tatu. Kidole cha shahada cha Kudura kilitetemeka lakini hakikutoka kwa wenzake. Vyote vinne viliinuka pamoja na kushuka pamoja. Alijaribu mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo. Robi alikuwa ameacha kupepeta.

“Mama,” Kudura alisema, “mtoto amenipita.”

Hakulia. Alisema kama anayetoa habari. Robi aliweka ungo chini, akaenda kukaa kwenye mkeka upande wake, akamvuta, na wote wawili wakamtazama Hamduni akiokota ulezi, kwa maana hapakuwa na kingine cha kufanya. Hapo Robi alijua kwamba mkono ule umefika karibu na mwisho wake. Utasukuma na kushika, na ukizoea utabeba. Hautavuta uzi tena. Usiku alilia peke yake, asubuhi akapika uji kama kawaida.

Siku kadhaa Kudura hakugusa magunzi. Bhoke alimwacha. Kisha asubuhi moja alichukua ungo wa ulezi wenye mchanga, akauweka mapajani, akauzuia kwa mkono wa kulia kuanzia kiwiko mpaka kiganja, ukatulia kama umewekwa kwenye jiwe. Kwa kushoto akaanza kuchambua. Alikuwa anatoa kokoto moja moja kwa ncha za vidole, na vidole hivyo vya kushoto vilikuwa vimeshapata wepesi ambao hakuna aliyeuona unakuja, kwa sababu wote walikuwa wanaangalia upande wa pili.

“Huu uwe unashika,” alimwambia mama yake. “Ule ndio ufanye.”

“Nani amekwambia hivyo?”

“Hakuna.”

Twalib alipokuja safari iliyofuata alimkuta binti yake zizini anamfunga ndama. Hakumwita. Kudura alikuwa amebana ncha moja ya kamba kwenye ngumi ya kulia, nyingine akaipitisha kwa kushoto, akaivuta kwa meno, akaikaza. Lilikuwa fundo zuri. Ndama alijaribu kuondoka akashindwa. Kudura alipogeuka na kumwona baba yake aliuficha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, haraka, bila kufikiri.

Twalib aliliona hilo. Alikaa chini pale pale penye samadi, na kanzu yake ya safari, akamwomba maji. Mtoto akaenda ndani. Alirudi na kikombe amekishika kwa kushoto, mkono wa kulia ameutanguliza chini yake kukikinga, na alipofika mbele ya baba yake akainama ili akiweke ardhini.

“Usiweke chini,” Twalib alisema. “Nipe.”

Akakipokea kwa mikono yake miwili, akanywa maji yote. Kwa Robi hakusema lolote kuhusu ukanda wa kaniki, wala Robi hakumwuliza. Lakini wakati wa kuondoka alisema warudi nyumbani.

Kudura alipelekwa kuandikishwa shule. Kipimo cha miaka ile kilikuwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Alitumia wa kushoto, ukafika, akaandikishwa. Madaftari yalikuwa haba, kwa hiyo mwalimu wa darasa la kwanza, Mwalimu Keraryo, aliwaanzisha watoto kuandika mchangani kwa kidole, nje, kila mmoja na uwanja wake mdogo aliousawazisha kwa kiganja. Huko Kudura hakuwa nyuma ya mtu. Shida ilikuja walipopewa penseli. Mwalimu alizikata kila moja vipande viwili ili zitoshe, na kila alipopita alikihamisha kipande cha Kudura kutoka kushoto kwenda kulia. Kilianguka. Alimwambia aokote. Kudura akaanza kuumwa tumbo asubuhi za shule.

Siku moja Twalib aliacha cherehani akaenda kuonana na mwalimu. Mwalimu Keraryo alimkaribisha kiti. Alieleza kwamba hana ubaya na mtoto, ila hivyo ndivyo wanavyofundishwa wote, na mwandiko wa kushoto unafuta wino, na mtihani hauna huruma na mtu anayechelewa.

“Mwalimu, achelewe,” Twalib alisema. “Mkono huo wa kulia nimeutafuta mimi kwa nguvu kuliko utakavyoutafuta wewe. Haupo. Ningeomba huu uliopo usiufunge.”

Mwalimu aliuliza ilikuwaje, akasimuliwa habari ya homa. Alikuwa na watoto nyumbani, na mwaka huo homa alikuwa ameijua vizuri. Siku iliyofuata alimhamisha Kudura akamkalisha mwisho wa dawati upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani, akamwonyesha kulaza daftari mshazari ili mkono usipite juu ya maandishi. Alimwambia aweke ngumi ya kulia juu ya karatasi isihame. Kudura akaandika jina lake. Lilipanda kilima likashuka, lakini lilisomeka.

Mambo yakabadilika nchini. Maduka yakajaa tena, sabuni ikaonekana, uzi wa kila rangi ukaonekana, na pamoja nao yakaja marobota ya mitumba. Watu walifurahi na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana walikuwa wamevaa viraka miaka mingi. Lakini nani angeshonesha suruali wakati ya mtumba ni nusu ya bei na imeshonwa tayari? Twalib alikaa kwenye cherehani asubuhi nzima bila mteja. Mwishowe alihamishia familia Bunda, sokoni, akawa fundi wa kupunguza na kuongeza nguo za mitumba: suruali za watu warefu wa mbali zikatwe, makoti yabanwe. Kazi ya kufumua ilikuwa nyingi, na Kudura akitoka shule aliifanya. Alikalia upande mmoja wa vazi, akaukandamiza mwingine kwa mkono wa kulia, na kwa kushoto akapita na wembe kwenye mshono bila kugusa kitambaa. Wateja wapya walikuwa wanauangalia mkono wa kulia. Waliozoea waliangalia wa kushoto.

Bi Mwanaupe alihamia nao, na Bunda ndiko uzee ulikomshika. Mwaka wake wa mwisho mikono ilianza kutetemeka, kwanza akiwa ameshika kikombe, baadaye hata ikiwa imepumzika mapajani. Tasbihi ilimponyoka. Vidole vilipoteza kwanza vile vitu vidogo, sindano na vifungo, halafu tonge, halafu kijiko. Robi alimwogesha, akamlisha, akamfunga kilemba chake, naye bibi alikuwa anaomba radhi kila mara kwa usumbufu. Kwa Kudura alikuwa bado na desturi ile ile. Binti alikuwa karibu kumaliza darasa la tano sasa, mrefu kumpita mama yake, na kila alichomletea bibi alikiweka kwanza mkekani.

Siku moja ya gulio Robi alichelewa sokoni. Uji ulikuwa umeiva, Kudura akaumimina kwenye bakuli, akampelekea bibi yake. Akaliweka bakuli mkekani kama siku zote. Bi Mwanaupe alinyoosha mkono kwenye kijiko, kijiko kikagonga bakuli, kikaanguka. Akajaribu tena. Kudura alikuwa amepiga magoti pembeni, anangoja. Alikuwa anaufahamu ule mtetemeko, mkono unaotumwa na usiofika. Hakusogea, kwa sababu hakujua kama ataruhusiwa.

Bi Mwanaupe aliurudisha mkono mapajani.

“Nipe, mjukuu wangu,” alisema. “Kwa wowote. Nina njaa.”

Kudura alichukua kijiko kwa kushoto, akachota uji, akakinyanyua. Kilikuwa kimetulia kabisa, hata tone lisingemwagika. Akakisimamisha hewani karibu na mdomo wa bibi, na bibi akafungua kinywa. Halafu Kudura akakirudisha bakulini.

Alilibana bakuli katikati ya magoti. Akautoa mkono wa kulia ulipokuwa umejificha, akaufungua kwa kushoto, dole gumba kwanza kama mama yake alivyomzoeza ukutani Butiama, akakilaza kijiko kiganjani, akavifunga vidole juu yake kimoja kimoja. Kisha akaushika mkono huo kifundoni kwa kushoto, akauongoza. Ulipanda unayumba. Nusu ya uji ilimwagika kwenye kanga ya bibi, kifuani. Nusu iliyobaki ilifika.

Bi Mwanaupe alimeza. Alimtazama mjukuu wake usoni, halafu akautazama mkono ule kwa muda mrefu, labda kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa homa. Akafungua kinywa tena.

Robi alifika wakiwa katikati ya bakuli. Kanga ilikuwa imelowa, mkeka umelowa, na uji bila shaka ulikuwa umeshapoa. Alisimama mlangoni na kikapu chake kichwani, akawasubiri wamalize.